Nta kwenye Tangi

Pikipiki niliinunua kwa ajili ya mizinga ya baba. Naanza na hilo kwa sababu kijijini wapo wanaosema mpaka leo kwamba niliinunua kwa majivuno, na majivuno hayo ndiyo yaliyomuua mzee. Waliomuua kweli nawajua mimi. Majina yao siyaandiki, lakini kila mmoja nitamweka mahali pake, ajione mwenyewe.

Wa kwanza ni mwenyekiti wa kijiji. Ndiye aliyekuja na mgambo kule porini tulikokaa, akasema mwisho wa mwezi watu wote wawe wamehamia barabarani, kwenye kijiji cha ujamaa, maana serikali haiwezi kupeleka zahanati kwenye kila kichuguu. Baba akamwuliza, "Na nyuki nao wanahamia barabarani?" Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Siku ya kuhama ilipofika, nyumba ya kwanza kutiwa kiberiti ilikuwa ya baba.

Kijiji kipya kilipimwa kando ya barabara ya Nzega. Mizinga ya baba, ile ya magome, ilibaki juu ya miti yake, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Baba naye alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Akitembea mbali inashuka, inambidi alale chali njiani airudishe kwa mkono. Tangu tuhamishwe alikwenda mara mbili. Mara ya tatu tulimkuta amekaa njiani, jasho linamtoka, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Baada ya hapo akawa mtu wa kukaa mlangoni, anatazama upande wa pori. Ukimwuliza anawaza nini, anasema, "Asali imeiva kule. Anayeshiba ni nyegere."

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, darasa la nne, na mke mmoja. Chombo cha moto sikuwahi kukigusa. Nikasema nitanunua pikipiki, nimpeleke mzee kwenye mizinga yake.

Wa pili ni bwana nyuki mmoja mstaafu, afisa wa nyuki wa serikali, mkazi wa Isevya, Tabora mjini. Alikuwa na pikipiki ya Kiingereza, kuukuu, nzito kama fahali, imekaa uani mpaka kuku anatagia kwenye kiti. Siku niliyokwenda kuiona kuku ameondolewa, na tangi limepigwa rangi mpya ya bluu. Nikadhani amenifanyia heshima. Nilijua swali moja tu la kuuliza.

"Inavuja mahali?"

"Kijana, hii imenitembeza Tabora nzima, na hata tone halijawahi kunidondokea."

Tulimlipa kwa nta. Yaani nta tuliyoiokoa siku ya moto tuliiuza, fedha zikaenda kwake. Baba alibakiza donge moja, ukubwa wa kichwa cha mtoto, akalifunga kwenye kitambaa na kulining'iniza darini.

Kwa kuwa sikujua kuiendesha, niliisukuma toka kwa bwana nyuki mpaka kwa fundi, na watoto wa Isevya wakanisindikiza. Fundi alikuwa mtu mzima wa pale pale mjini, kofia yake ya kiua haimtoki kichwani. Alitengeneza baiskeli, cherehani na majiko ya mafuta ya taa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeileta itengenezwe au izikwe?"

Siku tatu aliipekua. Plagi aliisugua kwa msasa, cheni akailoweka kwenye mafuta, waya wa klachi akaunga wa breki ya baiskeli. Kabureta aliifungua mbele yangu, akanionyesha kitundu kidogo cha shaba, ncha ya sindano ndiyo inayoingia. "Petroli yote inapita hapa," akasema. "Kikiziba hiki, huendi mahali. Fungua, puliza, rudisha. Haya, nionyeshe." Nikamwonyesha mara tano.

Kuendesha alinifundishia barabara ya Kipalapala, hakuna magari mengi. Mafrateri wa seminari ya pale walikuwa shambani na majembe yao, wakasimama wote kunitazama. Mmoja akapiga kelele, "Ndugu, achia! Achia!" Achia nini sikujua, nikaachia vyote. Nikaingia kwenye mahindi yao na pikipiki juu yangu.

Fundi alikuja anakimbia, kofia ameishika mkononi. "Bwana asali, klachi si mpini wa jembe! Iachie taratibu, kama unamlaza mtoto aliyesinzia."

Tulipoiinua pikipiki, tukaona petroli inatoka chini ya tangi, tone kwa tone. Fundi akakwangua ile rangi ya bluu kwa msumari. Chini yake ilikuwa kutu tupu.

"Bwana nyuki kakuuzia chujio," akasema.

"Huwezi kuchomea?"

"Tangi lililokunywa petroli? Nilichomee, turuke wote mpaka Nzega?" Akatoa mche wa sabuni kwenye mfuko wa zana, akakata kipande cha ukubwa wa kidole, akakisugua pale penye tundu. Matone yakakoma. "Paka hivi. Ikibanduka, paka tena."

Kwa nini sabuni, sikumwuliza, na yeye hakuniambia. Kwa hiyo fundi siwezi kumweka kwenye orodha, na siwezi kumtoa.

Msimu ule mmoja tulipata raha. Nasema raha na sioni aibu. Baba alikaa nyuma, kienge cha moshi mkononi, hataki kunishika kiuno kwa sababu eti yeye si mwanamke. Akitaka nisimame ananigonga mgongoni kwa ngumi. Tunaiacha barabara, tunaingia njia za ng'ombe, mpaka porini kwetu. Mimi napanda, yeye anaamrisha toka chini, "Mkate wa asali wa nyuma uache, ni wa nyuki wenyewe huo!" Nyumba ile iliyoungua hatukuwa tunaizungumza. Tulipita pembeni yake kama tunapita kwa mtu tusiyemjua.

Kisha sabuni ikapotea madukani. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanajua. Mke wangu alifua kwa majivu, wengine kwa majani ya mpapai. Likaja gari moja, likashusha katoni ya miche ya sabuni kwenye duka la kijiji, tukaiona kwa macho. Ufunguo wa duka ulikaa kwa mwenyekiti. Asubuhi yake tukaambiwa imekwisha.

Tundu la tangi lilikuwa limefunguka tena. Nikaenda kwake. Alikuwa amekaa barazani na wazee.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Sabuni hakuna."

"Sijasema nataka sabuni."

"Siku hizi hakuna anayenijia kwa lingine."

"Ni kipande tu, cha kidole. Cha kuziba tangi la pikipiki."

Akawageukia wazee. "Jamani mmesikia? Watu hawana ya kuogea, huyu anataka kuogesha pikipiki!"

Walicheka sana. Nikarudi nyumbani, nikamweleza baba. Akanyanyuka, akateremsha lile donge la nta darini.

"Mtungi wa asali tunauziba kwa nini?" akaniuliza.

"Kwa nta."

"Umewahi kuuona mtungi wangu unavuja?"

Petroli tuliimimina kwenye debe. Baba akayeyusha nta kwenye kikaango mbali na pale, akaimimina ndani ya tangi, tukaligeuzageuza wawili kama tunavyofanya mtungi, nta itambae ndani kote. Iliyobaki akaikanda kwa vidole na kuibandika nje kwenye tundu, akaikandamiza kwa dole gumba. Alama ya dole lake ikabaki pale. Tukarudisha petroli. Hakuna hata tone. Baba alichuchumaa akitazama chini ya tangi muda mrefu, akasema, "Huyo fundi wako wa mjini aje kwangu nimfundishe kazi."

Siku ya tatu, asubuhi, ngiri ilishuka ikakataa kurudi. Mpaka tunakunywa uji tumbo limekuwa gumu na baba anatapika. Zahanati tuliyohamishiwa ilikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda, na kabati tupu. Dresa alimgusa mara moja tu. "Hii ni ya kisu," akasema. "Apelekwe Tabora sasa hivi. Jua likizama akiwa bado hapa, msije kunilaumu."

Pikipiki ilikuwa mlangoni. Mke wangu alimfunga baba mgongoni kwangu kwa kanga mbili, safari hii mzee hakusema neno kuhusu wanawake. Nilisikia paji lake la uso kati ya mabega yangu, la moto.

Tulianza vizuri. Tukapita vijiji viwili. Kisha ikaanza kukohoa, ikavuta, ikakohoa, ikazima. Nikapiga kiki, ikakataa. Nikamfungua baba, nikamlaza pembeni kwenye majani, nikafungua kabureta kama nilivyofundishwa.

Ndani kulikuwa na ute wa njano. Kile kitundu cha shaba hakionekani. Nikautoa ute ule kwa kidole, na kabla sijaelewa ninachokiona, harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu ya asali.

Nilipuliza, nikarudisha, ikawaka. Nikamfunga baba. Tukaenda kidogo tu, ikazima. Nikafungua, ute ule ule. Mara nne. Kila mara namfungua mgonjwa, namlaza, nasafisha, namfunga tena, na kila mara anakuwa mzito zaidi. Landrova ya serikali ilitupita inaelekea Tabora. Nilisimama katikati ya barabara na mikono juu. Ilinikwepa. Namba zake sikuzisoma kwa vumbi, ningezisoma ningeziandika hapa. Dereva huyo ni wa tatu.

Mara ya nne nilipochuchumaa, baba aliunyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono. Akavuta vidole vyangu mpaka puani kwake.

"Hii ni nta," akasema.

"Hapana, baba. Ni uchafu wa petroli."

"Mimi nisijue nta?" Akanusa tena, macho ameyafumba. "Ya mti wa mninga. Ya mwaka ule kabla ya moto."

Akauachia mkono wangu. Baadaye kidogo akasema kwa Kinyamwezi kwamba babu yake aliipita njia hii hii na pembe ya ndovu begani, akafika pwani na akarudi. Alisema hivyo tu. Sijui kama alikuwa ananilaumu mimi au anajilaumu yeye. Nilirudi kwenye pikipiki. Nta ilikuwa imeyeyuka pale kwenye tundu pia, petroli imemwagika yote chini, udongo umeinywa. Nikamweka baba mgongoni kwa zile kanga, nikaanza kutembea kuelekea Tabora. Sikumaliza hata kilima kimoja, pumzi yake ikakoma shingoni kwangu. Ilikuwa haijafika alasiri.

Lori la pamba lililokuwa linatoka Tabora ndilo lililotuchukua, mimi na yeye na pikipiki, likaturudisha kijijini.

Watu wakauliza pikipiki ilikuwa na nini. Nikasema plagi. Nilimwambia hivyo hata mke wangu, ingawa alikuwepo siku ile ya kikaango na nadhani alijua. Sikutaka mtu yeyote acheke kwamba mzee aliziba tangi kama mtungi. Walivyomcheka barazani mwanawe ilitosha.

Mwenyekiti alikuja jioni ile ile. Alipita katikati ya watu, ameshika kitu kimefungwa kwenye gazeti, akakifungua mbele ya wote.

"Pole sana, ndugu yangu. Sabuni ya kumwoshea mzee hii hapa. Kijiji kimetoa."

Ulikuwa mche mzima, haujakatwa hata ncha. Miaka yote hii nimejiuliza kwa nini sikumpiga nao usoni. Niliupokea kwa mikono miwili. Nikasema asante. Wa nne ndiye huyo aliyesema asante.

Wazee walimwosha baba. Walipomaliza wakasema sabuni iliyobaki itupwe shimoni pamoja na maji, ndiyo desturi. Nikaiomba. Walitazamana, mmoja akanipa.

Baada ya matanga niliipeleka pikipiki Isevya kwenye lori. Fundi alifungua kabureta, akachungulia, akafungua tangi, akaingiza kidole, akakinusa.

"Nani kakutilia nta?"

"Mimi."

Fundi akakifuta kidole kwa kitambaa. Habari za msiba alikuwa amekwisha kuzisikia. "Nta inaliwa na petroli," akasema polepole. "Sabuni hailiwi. Sikudhani kama kuna mtu atafikiria nta." Akavua kofia, akaivaa tena. Alikesha siku mbili kuliosha tangi lile, na hakunitoza kitu.

Alama ya dole gumba ilikuwa imeondoka. Niliitafuta.

Alipomaliza, fundi akanyoosha mkono kuchukua sabuni kwenye mfuko wake wa zana, nikamwambia ninayo. Nikatoa ile ya baba. Nikasugua pale kwenye tundu mwenyewe, mpaka ikaingia yote.

Nimeiendesha ile pikipiki miaka mingi baadaye. Tangi halikudondosha hata tone.