Foleni Iliyonyamaza

Jumanne nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja hapa Kitale. Watu walikuwa wakinung'unika, na karani alikuwa akigonga mihuri kama anayepasua kuni. Mama kijana aliyekuwa mbele yangu akapigiwa simu. Simu yenyewe ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka iwekwe spika, kwa hivyo sote tukamsikia mama mkwe wake, aliyeachiwa mtoto nyumbani Endebess.

"Mtoto amechemka. Nimemfunika na brangeti mbili."

"Asante, Mama. Sasa mtoe hizo brangeti, abaki na vesti tu. Umpanguse na maji ya vuguvugu, si baridi. Anakunywa?"

"Anakunywa uji."

"Mpatie kidogo kidogo. Akikataa kunywa ama alegee, usiningoje, mpeleke hospitali. Mimi nakuja."

Niliipenda ile "asante." Brangeti zilitolewa, na heshima ya mama mkwe ikabaki mahali pake.

Kisha yule mama kijana akasema, "Weka simu karibu na mdomo wake, nisikie vile anapumua."

Akafumba macho. Manung'uniko yakakatika. Karani alikuwa ameinua muhuri, nao ukabaki hewani. Tukasikia pumzi ndogo, moja baada ya nyingine.

"Anapumua vizuri," mama kijana akasema, na foleni nzima ikashusha pumzi.

Nimewaona wakubwa wakiomba utulivu katika ofisi ile na wasiupate. Karani akanyoosha mkono juu ya vichwa vya waliotutangulia, akaichukua fomu ya yule mama, na hakuna aliyelalamika. Muhuri akaushusha taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.