Basi la Wasindikizaji

Deodatus Byabato wa Kiseke, Mwanza, alijua namna ya kumfikisha mzungu popote. Ukitaka Serengeti, atakuambia pita lango la Ndabaka, tena toka alfajiri kabla malori hayajajaa barabarani. Ukerewe, panda meli, usirubuniwe na mitumbwi ya watu. Rubondo kuna ndege ndogo kwa mwenye haraka, na boti kwa mwenye moyo. Wageni walimpenda, wakapeana namba yake huko kwao. Sisi majirani tuliijua Landkruza yake kwa taa za nyuma.

Mimi ni Odeta, mkaanga vitumbua wa kona ile, na simung'unyi maneno. Deodatus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hayupo, basi. Msiba ukitokea, yuko porini na wageni. Jumuiya ikisali kwake, anakuta viti vimesharudishwa. Alikuwa anatuma rambirambi kwa simu na kudhani yamekwisha.

Mwaka juzi Maige, fundi seremala, alifiwa na mwanawe wa kwanza. Turubai likafungwa katikati ya njia, kama tunavyofanya sote, maana huku kwetu ni mawe na miinuko, hakuna pengine pa kukalisha watu. Mwili haujatoka ndani, tukasikia honi. Deodatus alikuwa amesahau mahema nyumbani, na wageni wake walikuwa wanawahi boti. Wanaume wakainuka, wakaondoa mabenchi, wakanyanyua turubai kwa mikono ili gari lipite. Paa la gari lilikuwa wazi, wazungu wawili wamesimama na simu zao, wanatupiga picha tunavyolia. Deodatus akashusha kioo.

"Pole sana ndugu yangu," akamwambia Maige. "Nikirudi nitakuja."

Hakuja. Alirudi wiki iliyofuata, akatuma hela kwa simu. Maige hakugombana naye. Ukimtajia jina hilo, anaendelea na randa yake.

Mwaka huu Deodatus alimleta mama yake kutoka Muleba kwa matibabu. Bibi Kokugonza alikuwa anashinda peke yake, kwa hiyo kila asubuhi alikuja kukaa kwenye ndoo yangu niliyoigeuza kuwa kiti. Nikimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, halafu ananiwekea kiganjani buni za kutafuna. Nilimpenda yule bibi. Alikuwa na hofu moja tu: asije akarudishwa kwao kama mzigo. Aliniambia kwao mtu akifia ugenini, watu wanatazama amesindikizwa na nani, na hapo ndipo wanajua alikaaje huko.

"Odeta, mtanisindikiza?" aliniuliza siku moja.

"Mtaa mzima, bibi," nikamwambia.

Alifariki Julai, wageni wamejaa mjini. Madereva wenzake Deodatus wote walikuwa mbugani, na mkewe Leonsia anafundisha kulekule Muleba. Deodatus akafunga turubai, akakodi viti, akakodi na kosta nzima ya kubeba watu. Tukakaa. Katekista akaja, akasali, akaondoka. Balozi wa nyumba kumi akasimama kidogo, akatoa pole, akala kona. Kilichokuja ni simu. Ile simu ya Deodatus ililia kutwa nzima, rambirambi kutoka huyu, rambirambi kutoka yule, watu ambao nyumba zao unaziona ukiwa umekaa pale. Nilipita milangoni nikawagongea. Niliwatukana pia, sijutii. Marehemu amewakosea nini? Wakanijibu kwamba wameshatuma.

Siku ya kusafirisha, wa kubeba jeneza hawakutosha. Deodatus akatembea mwenyewe hadi karakana ya Maige. Nilimfuata. Hakuomba tena asindikizwe, aliomba mikono tu ya kumtoa mama yake ndani. Maige aliweka randa chini, akamtazama.

"Pole sana ndugu yangu," akasema. "Nikirudi nitakuja."

Akachukua tena randa. Hakuwa anakwenda popote. Deodatus akageuka. Nilitaka kumzaba Maige kibao, lakini nikakumbuka turubai lile na mwanawe ndani, nikamfuata Deodatus.

Tulimbeba bibi mimi, Deodatus, dereva wa kosta na mpita njia mmoja. Tukamlaza ndani ya Landkruza, viti vya wageni vimeng'olewa. Niliilaani kosta, nikamwambia Deodatus airudishe. Alikataa. Nadhani mpaka tunawasha magari alikuwa bado anatazama milango ya watu.

Tukavuka daraja la Busisi, yeye mbele na mama yake, mimi nyuma ndani ya kosta na dereva tusiyejuana naye. Nililia mpaka Geita.

Tuliingia Muleba jioni. Ua ulikuwa umejaa, Leonsia amepika masufuria ya ndizi kwa ajili ya watu wa Mwanza, mikeka imetandikwa. Wazee walipokwisha kumpokea bibi, mmoja wao alimuuliza Deodatus waliomsindikiza mama yake wako wapi. Dirisha langu lilikuwa wazi, nikamsikia anavyojibu.

"Wako kwenye basi."

Watu wakaja wakapanga mstari mlangoni mwa kosta kutupokea. Nikashuka. Mzee wa kwanza akanipa mkono, akanisogeza pembeni taratibu ili nisiwazibie njia wenzangu, wakaendelea kuutazama mlango.