Baba kanipa mfupa wake

Jamani, leo Baba kanipa mfupa wake!

Kwetu Bunda, mfupa wa supu wenye uloto ni wa Baba. Hata mgeni hapewagi.

Nilikuja kutoka Musoma kuwaambia majibu ya vipimo yametoka: uloto wangu ndio unafaa kuwekewa mdogo wangu Mugesi, anayeumwa.

Mama akakimbilia jikoni kuchemsha supu ya makongoro.

Nikamweleza Mama kwamba daktari atanitoa uloto kidogo tu kwenye nyonga, na unarudi wenyewe.

"Utarudije kama huli?"

Bakuli la tatu hilo. Msicheke, hata mkanda nimeshafungua.

Ndipo Baba akanisogezea mfupa wake.

"Nimeshiba, Baba."

"Sijakuuliza wewe. Huu ni wa Mugesi."

Nimeumaliza.