Koti la Mwenye Bucha

Dobi wa mtaani kwetu alinyoosha nguo hadi nzi akitua kwenye ukosi anateleza. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: nguo ya mteja ikishapoa tu, aliiona yake. Kukiwa na harusi, alichagua iliyomkaa, akaenda kula na kucheza, kisha akaifua upya na kuirudisha inanukia sabuni.

"Nguo haina mdomo," alimwambia mkewe.

"Za mwizi arobaini, baba watoto," mkewe alimjibu.

Jumamosi moja alivaa koti la mistari myekundu la mwenye bucha. Mtaa mzima halikuwepo la pili. Akacheza na mjane mmoja hadi jasho likamchuruzika. Shoga wa mke wa mwenye bucha akaliona koti kwa mgongo, hakungoja keki ikatwe; alipeleka habari mbio. Mwenye bucha, aliyeshinda kazini akikata nyama, alirudi nyumbani akakuta mto wake umetupwa sebuleni. Aliapa, akalia, wapi! Akawa mtu wa kulala kwenye kochi, na kukicha wateja wanauziwa mifupa mitupu kwa hasira.

Dobi alipozipata habari hizo, roho ilimsuta. Akaenda kuungama.

"Padri, nilivaa koti la mtu."

"Likaharibika?"

"Koti zima, Padri. Iliyochanika ni ndoa."

Nyuma ya wavu Padri alikohoa kikohozi kirefu kilichofanana sana na kicheko. Alipomaliza kumwondolea dhambi, dobi akainuka upesi.

"Hujamaliza. Mungu amekusamehe, lakini yule mama bado anaamini uongo. Malipizi yako ni kwenda kumweleza."

"Si ungenipa rozari, Padri? Hata kumi!"

"Nenda, mwanangu."

Alimkuta mama uani anachambua mchele. Akayatapika yote bila kupumua, macho yakiwa kwenye ule ungo, maana ungeweza kuruka wakati wowote.

"Kwa hiyo mume wangu alikuwa anasema kweli?"

"Kweli tupu, shemeji."

"Ungekuja siku ileile ningekusamehe. Sasa umeniletea kazi ya kuomba radhi, na tangu niolewe sijawahi kuifanya!"

Hata hivyo alivaa viatu, akamkokota dobi hadi buchani. Mbele ya wateja akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kumbe koti lako alilivaa huyu dobi. Nilikukosea. Nisamehe."

Mwenye bucha akaweka kisu chini, akajifuta mikono taratibu. "Sijasikia vizuri."

Mama akarudia.

"Wa huko nyuma, mmesikia?"

"Hatujasikia!" wateja wakaitikia.

Mama akaangua kicheko, mumewe naye akashindwa kujizuia. Kisha akamgeukia dobi, ambaye alikuwa keshaanza kunyatia mlango.

"Nawe nimekusamehe. Ila nguo zangu utazifulia hapahapa uani."

Tangu hapo dobi huja na beseni lake nyuma ya bucha, na mama huketi kando kwenye kigoda, akilinda kamba ya nguo hadi soksi ya mwisho ikauke.