Kiwanja cha Boko Nilichokinyoosha

Kwenye suala la upeo wa macho mimi ni mtu wa kero. Nikiona picha ya bahari iliyoinama upande, hata kwenye kalenda ukutani kwa watu, mkono unaniwasha. Wenzangu hunitania kwamba hata msibani nitapima kama jeneza limekaa sawa. Kwa hiyo nilichofanya Boko sikukifanya kwa kutojua.

Dalali mmoja wa viwanja alikuwa akinipa kazi za kupiga picha. Siku hiyo alinipeleka kwenye kiwanja kilichoteremka kuelekea bondeni, na kwa nyuma bahari ilionekana. Nilipoisawazisha kamera na bahari, mteremko ukaonekana wazi.

"Braza, hiyo hapana," alisema akichungulia. "Mteja yuko Singida, hawezi kuja. Nipigie kikae tambarare."

Nikainamisha kamera kufuata ardhi. Bahari ikaenda kombo, nikaikata isionekane pichani. Minazi nayo ikalala, lakini nani hushangaa mnazi ukilala? Niliifurahia ile picha, nakiri. Nikaandika na namba yangu ya simu pembeni.

Mteja alikuwa nesi aliyekaribia kustaafu. Alinunua, akamkabidhi mdogo wake wa kiume, fundi mwashi wa Temeke, amjengee. Haya niliyajua baadaye sana, alipokuwa amekwisha kuhamia na masika ya kwanza kumkuta humo. Alinipigia kwa ile namba ya kwenye picha. Alitaka nimpigie picha za uharibifu azipeleke kwenye kikao cha familia.

Nilimkuta sebuleni, tope vifundoni, mdogo wake akilizoa kwa koleo. Nje, majirani walikuwa wamemwaga kifusi na kuzungusha kuta, mteremko hauonekani tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Piga yote. Huyu hapa alinidai tofali za kunyanyulia msingi, eti kiwanja kina mteremko. Nikamwambia picha ninayo, kiwanja ni tambarare, hizo tofali za ziada anampelekea nani? Akakasirika, akanilipulia kazi."

Fundi aliendelea kuzoa.

Nilipiga picha, zote zimenyooka sawasawa. Kila moja ilionyesha nyumba iliyojengwa chini mno, na yeyote wa kwenye kikao angeiangalia na kumlaumu fundi. Niliona aibu.

"Wewe ulifika hapa kabla ya msingi," mama akaniambia. "Sema mbele yake. Kiwanja kilikuwa tambarare au hakikuwa tambarare?"

Fundi akaacha kuzoa. Mimi nikawaza polisi, nikawaza namba yangu kwenye ile picha.

"Kilikuwa tambarare, mama."

Fundi alinitazama. Hakuonyesha hasira, ila uchovu wa mtu aliyejieleza mara nyingi. Aliegemeza koleo ukutani, akanawa mikono kwenye ndoo.

"Dada, mie naenda."

"Nenda," mama alisema. Mlango ulipofungwa akalichukua koleo, akaanza kulizoa tope mwenyewe, akipumzika kila baada ya kuzoa mara mbili tatu na kushika kiuno. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na sikuthubutu hata kumpokea koleo.