Ukingo wa Mutambala Hauuzwi

Siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu. Ni ile niliyofyeka matete ya ukingo wa mto Mutambala, karibu na Baraka hapa, nikakata na miti yake, nikachoma moto mpaka majini. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, na nilitaka shamba la mpunga kubwa kuliko la wenzangu.

Shangazi Sifa, aliyenilea, akaja kuona. Akasimama juu ya majivu.

"Sasa viboko bitakula wapi?"

"Bikule ng'ambo," nikamjibu.

"Bitakula kwako, binti. Na mvua ikikuya, mto utabeba ile itabakia."

Nilicheka. Nilidhani ni uzee tu.

Mpunga ulipotoa masuke, viboko wakaingia. Mume wangu akamchoma mmoja kwa mkuki. Kesho yake asubuhi mnyama yule, na kidonda chake, akapindua mtumbwi wa jirani yetu Saleh na kumvunja mguu. Saleh hakuvua tena. Nilimpelekea ugali miaka mingi, na sikuweza kumtazama machoni. Kisha mvua ikaja. Ukingo usio na mizizi ukabomoka, shamba lote likabebwa na mto mpaka ziwani unakoishia.

Nilipanda matete upya kwa mikono hii, na mikuyu. Ilichukua miaka, lakini samaki wadogo walirudi kujificha humo, na viboko wakarudi kwenye majani yao.

Mwaka huu wakaja watu wa mashine za kuosha dhahabu, wana karatasi yenye muhuri. Mkubwa wao aliniambia kwa upole, "Mama, utoke, tunaanza kazi."

"Karatasi yenu nimeisoma. Hakuna fasi, hata mstari mmoja, tulikubali. Mukitaka kuchimba, muanzie hapa nimekaa."

Nikakaa. Bamama wa mashamba ya jirani wakaja na majembe yao, wakakaa nami. Siku ya tatu mashine zikapakiwa. Watarudi, najua. Watanikuta.

Basi sikia, mwanangu. Lima mbali na maji, ukingo uuachie mto. Mwachie kiboko njia yake. Miti ya mlimani, kule mto unakoanzia, usiiguse. Na atakayekuletea kalamu usaini, mkatalie mbele ya watu, kwa sauti, hata ukitetemeka. Mimi nilitetemeka.

Mungu akupe maji safi na watoto wa kuyanywa. Na shingo ngumu, mwanangu, akupe hiyo pia.