Marobota ya Kilo Mia Nne

Kwa miaka kumi na tisa Justus Makau alifunga nyasi katika ranchi yetu ya ushirika huko Lukenya, na katika miaka hiyo yote kamati haikuwahi kumuuliza swali ila moja tu: "Umemaliza?" Mashine yake ilikuwa ndogo na ya zamani, imeshikana kwa waya na matusi ya Kikamba. Ilitoa marobota mepesi. Mama wa kijiji jirani alijitwika moja mgongoni kwa kamba, akafika kwa ng'ombe wake bado anapiga soga.

Mwaka wa 1998, baada ya mvua za El Niño, nyasi zilirefuka hadi zikammeza mwenyekiti wetu, Bwana Mutiso, pamoja na kofia yake. Kamati, ambayo haijawahi kuona kitu kikubwa bila kukipenda, ikataka mashine ya kufunga marobota makubwa ya mraba. Muuzaji kutoka Nairobi akaileta kwa majaribio ya siku mbili, na trekta lake kubwa, na dereva wake. Makau akaelewa. Ikinunuliwa hiyo, yeye anarudi nyumbani Ekalakala.

Aliizunguka mara mbili.

"Robota moja ni kilo ngapi?"

"Mia nne," muuzaji akajibu kwa fahari.

"Na litapakiwa na nani?"

"Makau, hii ni teknolojia," Mutiso akasema. "Wewe kazi yako ni kuendesha."

"Sawa, Mwenyekiti. Basi teknolojia ije na mikono."

Kamati ikacheka. Nami karani wao, niliyetoka chuoni nikiamini ukubwa ndio maendeleo, nikacheka nao. Bado naona haya.

Yakatoka marobota sitini, mazuri ajabu, kama nyumba za kupanga. Muuzaji akaondoka na kila kitu chake, akatuachia fomu za kutia sahihi Jumatatu.

Jumamosi asubuhi akaja Adow, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Athi River, na lori na wapakizi wanne. Wapakizi wakasukuma robota la kwanza. Halikutikisika. Mutiso akavua koti, mara ya kwanza tangu achaguliwe, akasukuma nao. Kilichosogea ni suruali yake.

"Waryaa, Mwenyekiti," Adow akamwita kwa Kisomali, "nimekuja kununua nyasi ama jengo?"

Wakakata kamba. Robota likafumuka, na upepo ukaanza kugawa nyasi bure hadi barabarani. Adow akapanda lori.

"Ng'ombe wangu mia mbili hawali maonyesho. Naenda kwingine."

Mutiso akageuka. "Makau, ndugu yangu, fanya kitu."

"Mimi kazi yangu ni kuendesha."

"Tafadhali!"

"Nitayafumua yote, niyafunge upya madogo kwa mashine yangu. Mzee Adow atapata lori la kwanza saa tisa. Lakini Jumatatu niko kwa kamati. Nimekaa, na napiga kura."

"Katiba ya ushirika haisemi—"

"Basi katiba ipakie lori."

Mutiso akampa mkono. Saa tisa lori likaondoka limejaa.

Jumatatu Makau alikaa. "Mashine ile ni nzuri," akasema. "Tuinunue siku tutakapokuwa na trekta la kuivuta, na winchi, na wateja wenye winchi. Leo wateja wetu wana migongo."

Tukachagua ndogo, mpya, kwa kura saba dhidi ya moja. Ile moja ni ya Mutiso; alidai aliinua mkono ajikune.

Makau mwenyewe ndiye aliyetumwa Nairobi kuikagua. Alilala chini yake saa nzima akipapasa vyuma vya kufunga mafundo, huku muuzaji yule yule, na suti yake yote, amechuchumaa akimshikia tochi.